Posa ya Chemba ya Mzee Enoki

Shangazi yangu Hulda Mgaya analinda mabwawa ya majitaka ya Makambako, na kwa miaka mingi watu wa kanisani kwetu wamekuwa wakimsalimu kwa kuinua kidole kimoja kutoka mbali, kama mtu anayesimamisha basi. Yeye haoni vibaya. Anaoga maji ya moto asubuhi na jioni, hata Julai, mwezi ambao sisi wengine tunaoga kwa nadra na kwa masikitiko, na ananukia sabuni kuliko mke wa mchungaji.

Alizaliwa kijijini, nje kidogo ya Njombe, katika nyumba ya Walutheri waliovuna mahindi, viazi na watoto kwa wingi uleule. Alimaliza kidato cha nne, akauza chai pale stesheni ya treni Makambako, akaolewa na fundi baiskeli, akafiwa, kisha akaajiriwa kufagia ofisi ya maji. Mabwawa yalipokamilika akatafutwa mlinzi. Wanaume kadhaa waliikubali kazi hiyo wakiwa ofisini na kuikataa walipofika. Shangazi aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna kivuli. Kulikuwa na mkaratusi. Akaenda na kigoda chake.

Mabwawa yako manne, moja likimwagia jingine, upande wa chini wa mji. Gari la kunyonya majitaka humwaga mzigo kwenye la kwanza, ambako uchafu mzito unatuama na vijidudu visivyoonekana vinaula. La pili na la tatu ni kazi ya jua na mwani. La nne lina matete, na kutoka kwenye matete maji yanaingia mto Kihanga, ambao unateremka hadi kwa watu wa bondeni wanaouchota kwa ndoo. Hiyo ndiyo sababu yote ya mabwawa kuwepo: kilichotoka kwa watu wa mjini kisiwafikie watu wa bondeni jinsi kilivyotoka.

Shida ni kwamba watu wa mjini hawakutoa. Mtu wa Makambako huchimba shimo la choo refu kuliko nyumba yake, likijaa analifukia, anapanda mparachichi juu yake na kuchimba jingine. Gari la majitaka, ambalo dereva wake ni Kristofa, mwanaume mwembamba mwenye maneno mengi, lilikaa siku nyingi bila kuitwa na mtu. Mara nyingine Kristofa alikuja nalo tupu mabwawani, akaliegesha, akashuka kunywa chai na shangazi. Alisema gari linahitaji kuwaona ndugu zake.

Mwaka huo, kipupwe kilipoingia na upepo mkavu, bwawa la kwanza likaanza kushuka. Tope likaonekana pembeni, kisha tope likaanza kuwa gumu. Shangazi akavaa sweta lake zuri akapanda kwenda ofisini Njombe kuomba msaada.

Mhandisi aliyempokea alikuwa kijana mpole. Alimkaribisha kiti karibu na jiko la mkaa.

"Mama, bwawa lisilo na majitaka ni shimo," alisema. "Sakafu yake ni ya udongo. Ikikauka itapasuka, na ikipasuka hatuwezi kuiamini tena. Tunakuja kukagua mwisho wa Agosti. Tukikuta maji yako chini ya alama nyekundu, tunafunga."

"Na mkifunga, gari litamwaga wapi?"

Mhandisi akatazama dirishani. Nje kulikuwa na ukungu tu.

"Litamwaga," alisema.

Wote wawili walijua ni wapi. Kabla ya mabwawa kujengwa, gari lilikuwa linamwaga darajani, mtoni Kihanga, na watu wa bondeni walikuwa wanaharisha kwa zamu kama watu wa ushirika.

Basi shangazi akarudi na shauri moja kichwani. Katika Makambako nzima ni mtu mmoja aliyekuwa na chemba kubwa ya choo inayozidi kujaa kila wiki, naye ni Mzee Enoki, mwenye gesti na hoteli ambapo mabasi husimama abiria wale na kujisaidia. Akaenda kumwona asubuhi. Mzee Enoki alikuwa amekaa getini kwenye kiti cha plastiki, koti hadi magotini, akitafuna mahindi ya kuchoma.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Wazima kwenu?"

"Wazima. Baba, nimekuja kuomba majitaka yako."

Mzee akatafuna mstari mzima wa mahindi kabla ya kujibu.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Na mikono mitupu."

"Ni uchafu, baba. Kristofa atakuja kuuchukua, wewe hulipi chochote."

"Ni uchafu wangu," alisema Mzee Enoki. "Remmy, yule wa vinyungu, bustani zile za mtoni, alikuja kuuomba ule ule. Alileta kabichi. Akakaa. Akauliza mama yangu ameamkaje. Wewe hujauliza."

"Mama ameamkaje?"

"Ameamka vizuri. Umechelewa." Akatupa gunzi. "Una wazee wewe? Nenda kwa wazee wako. Watume mtu anayejua kuongea. Hatuwezi kutoa kitu cha nyumbani kwa mtu aliyekuja anatembea tu."

Mtu mwingine angeondoka akicheka. Shangazi aliondoka akiwaza amtume nani.

Alimpata Elius, mwinjilisti mstaafu, mshenga ambaye posa zake hazijawahi kukataliwa tangu alipoanza. Elius alisikiliza jambo lote akiwa amefumba macho. Kristofa alikuwepo, nami nilikuwepo nikimenya viazi.

"Anayeoa ni nani?" Elius aliuliza mwishoni.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Kristofa alisema labda gari. Shangazi alisema gari ni la kumleta tu, anayeoa ni bwawa la kwanza.

"Ana kazi?"

"Anafanya kazi usiku na mchana," alisema shangazi.

"Mlevi?"

"Anakunywa sana, mzee," alisema Kristofa. "Ila siku hizi hapati."

Elius akafumbua macho akasema ameshawahi kumwombea mke kijana mbaya kuliko huyo.

Tulikwenda wanne. Elius alivaa koti lake la kahawia, lile lile alilovaa kwenye posa zote. Kristofa aliazima koti la kijivu. Mimi nilibeba dumu la togwa, nikakaa mwisho wa benchi. Upande wa pili alikaa Mzee Enoki. Pembeni yake dada yake, Jane, aliyefika kutoka Iwawa akiwa na masweta mawili na barafu moyoni. Na mama yao, Bibi Lidia, aliyekuwa amejifunika blanketi kiasi kwamba ulionekana uso tu.

Elius alisimama. Alisema tumetoka mbali, ingawa ni dakika chache kwa miguu. Alisema kijana wetu amelala vibaya, anawaza, na kila akiuliza chakula chake kiko wapi anaambiwa kiko nyumba hii. Alisema hayo kwa sauti iliyonifanya hata mimi nimwonee bwawa huruma.

"Tumesikia," alisema Jane. "Lakini ile chemba hatukuiokota. Saruji yake niliichanganya mimi kwa mikono hii, mwaka ule ambao mume wangu aliondoka. Haijawahi kufurika. Haijawahi kutuaibisha mbele ya wageni."

"Na msifikiri ni uchafu wa ovyo," aliongeza Mzee Enoki. "Hapa linasimama basi la Songea, la Mbeya, la Dar es Salaam. Wabunge wameshuka hapa. Humo ndani kuna waheshimiwa."

"Bwawa letu halibagui, baba," alisema Kristofa.

Elius alimwangalia, na Kristofa akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

Wakataja wanachotaka: jembe moja kwa ajili ya jina la ukoo, blanketi la Bibi Lidia, na koti la mjomba Jacob, aliyeko Liganga, ambaye bila yeye binti haondoki. Tulikuwa tumeanza kukubaliana ndipo Remmy alipoingia uani na kabichi mbili, moja kila kwapa.

"Kamwene wote. Nasikia kuna wageni."

"Wapo," alisema Mzee Enoki, akionekana kufurahi.

"Mimi nimetangulia," alisema Remmy. "Na kwangu hatafungiwa kwenye bwawa kama mfungwa. Vinyungu vyangu viko ukingoni mwa mto, hewa nzuri, udongo mweusi. Atazaa kabichi kama hizi." Akaziinua. Kwa kweli zilikuwa kubwa. Moja ilikuwa sawa na kichwa cha Kristofa na kofia yake.

"Mvua ikinyesha?" shangazi aliuliza.

"Ikinyesha, ananyeshewa."

Jane aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Niliona shangazi ameshika ukingo wa benchi. Bwawa lilikuwa limebakiza kiganja kimoja tu kufikia alama nyekundu.

"Hatumtoi mtoto kwa maneno," Jane alisema. "Jumapili tukitoka ibadani tutaenda kuona kote kuwili atakakokaa."

Jumapili, basi, ukoo wa Mzee Enoki ukatoka kanisani na nguo zake za kanisani na kushuka kwa Remmy. Bibi Lidia alibebwa kwenye kiti, vijana wawili wa gesti wakimshika. Vinyungu vilikuwa vya kupendeza kutoka mbali. Karibu, ilibidi mtu aongee akiwa amefunga mdomo kwa sababu ya nzi. Mapipa ambayo Remmy alikuwa ameshaanza kubebea mzigo wa choo chake yalikuwa yamepangwa juu ya mto, na moja lilikuwa linavuja taratibu, tone kwa tone, moja kwa moja Kihanga.

"Haya maji yanaenda wapi?" Bibi Lidia aliuliza.

"Yanashuka tu, bibi," alisema Remmy. "Bondeni huko."

Kisha wakaja kwetu. Shangazi alikuwa amefagia kingo, amechoma nyasi kavu, na amefunga kitenge chake kipya kwenye mkaratusi. Elius aliwapokea mlangoni akawaongoza kana kwamba anaonyesha vyumba. Bibi Lidia akawekwa mbele ya bwawa la kwanza, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mbona mume amekonda?"

"Ndiyo sababu tumekuja kwenu, bibi," alisema shangazi.

"Hm. Na yeye maji yake yanaenda wapi?"

Shangazi alimpitisha bwawa hadi bwawa. Walipofika kwenye matete, maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, membamba kama uzi, lakini chini yake ulikuwa unaona mchanga. Mjukuu mmoja akataka kuonja. Shangazi akamshika mkono.

"Si ya kunywa haya, mwanangu. Ni ya kurudishwa mtoni tu."

"Mtoni Kihanga," alisema Bibi Lidia.

"Huko huko."

"Mdogo wangu yuko bondeni. Anachota Kihanga." Akavuta blanketi. "Kwa hiyo binti yetu, akienda kwa huyu au kwa yule, atafika kwa mdogo wangu."

"Atafika, bibi."

"Kwa Remmy atafika vipi?"

"Vile vile alivyotoka nyumbani."

"Na kwako?"

"Kwangu anakaa kwanza. Anatulia hapa, anaota jua pale, anapita kwenye matete. Akifika kwa bibi yake mdogo, ameoga."

Bibi Lidia alimgeukia mwanawe. "Enoki. Mimi simpeleki mtu kwa mdogo wangu hajaoga."

Ikawa imekwisha. Remmy alishika kabichi zake akasema mambo ya mapenzi hayalazimishwi.

Ila jambo halikuwa limekwisha kabisa, kwa sababu ya koti. Mjomba Jacob alifika kutoka Liganga, na mjomba Jacob ni mtu ambaye hupita mlangoni kwa upande. Koti tulilonunua halikufika hata mabegani. Jingine lilifika mabegani likagoma kifuani. Fundi pekee anayeshona saizi hiyo alikuwa amekwenda Lupingu msibani, na Lupingu ni kando ya ziwa, watu wakienda msibani huko hukaa mpaka dagaa waishe. Shangazi alimwomba Jane aruhusu gari linyonye kwanza, koti litafuata.

"Binti yangu aondoke, mjomba wake yuko na shati?" alisema Jane.

Maji yakashuka chini ya alama nyekundu. Ufa mdogo, kama nywele, ukaonekana upande wa kaskazini. Shangazi alikuwa anabeba ndoo kutoka kisimani na kuumwagia, akienda na kurudi, na mtu aliyepita alisema ni kama kumnywesha tembo kwa kijiko. Simu ikaja kutoka Njombe kwamba mkaguzi anakuja Jumamosi.

Alhamisi jioni Elius alikuja nyumbani akavua koti lake la kahawia akaliweka mezani.  Kristofa alilitazama, kisha akavua lile la kijivu.

"Nimeliazima kwa shemeji," alisema. "Nitamwambia limeolewa."

Shangazi aliyafumua yote mawili na kuyashona kuwa moja. Mjomba Jacob alilivaa Ijumaa: kulia kahawia, kushoto kijivu, vifungo vya aina mbili. Alijigeuza mbele ya kioo cha gesti, upande mmoja, kisha mwingine.

"Kila mtu ana koti moja," alisema. "Mimi ninayo mawili."

Jumamosi asubuhi ikafanyika sendoff. Kristofa alikuwa ameosha gari na kulifunga riboni nyeupe kuanzia taa hadi kwenye mpira wa kunyonyea. Mpira ulipoingia kwenye chemba, Jane alilia kwa sauti, na Mzee Enoki akavua kofia. Basi la Songea lilikuwa limesimama kwa chakula. Abiria walipoona riboni walishuka wakapiga vigelegele, na wengine, wakiwa hapo, walikwenda chooni, jambo ambalo Elius aliwashukuru kwa niaba ya bwana harusi.

Gari lilitembea polepole hadi mabwawani, ukoo mzima ukifuata kwa pikipiki na kwa pikapu ya gesti. Mhandisi kutoka Njombe alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama kwenye ukingo na mti wa kupimia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama Hulda, pole," alisema. "Yako chini ya alama."

"Huyu ni nani?" Bibi Lidia aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mkaguzi, bibi."

"Upande wa nani?"

Mhandisi alitutazama sisi, akautazama ukoo uliokuwa unashuka kwenye pikapu, akamtazama mjomba Jacob kwa muda kidogo zaidi.

"Upande wa ofisi," alisema.

"Basi aketi upande wa bwana. Mpeni togwa."

Akaketishwa, akapewa kikombe. Kristofa alifungua koki. Mzigo wa kwanza ulishuka kwa kishindo, harufu ikapanda, na hakuna mtu wa ukoo aliyeshika pua, kwa kuwa Jane alikuwa anawaangalia. Gari likarudi, likaja na mzigo mwingine, likarudi tena. Mchana kutwa lilikwenda na kurudi. Tope lilifunikwa kwanza. Kisha ule ufa, ambao shangazi alisimama juu yake hadi maji yakagusa viatu vyake. Jua lilipoanza kupungua makali, alama nyekundu haikuonekana tena.

Mhandisi aliinuka akatumbukiza mti wake. Akautoa, akausoma, akautumbukiza tena mahali pengine.

"Kiwango kinatosha," alisema. "Lakini siwezi kuliacha wazi kwa mzigo wa siku moja. Lazima kuwe na chanzo. Hii leo ilikuwa shughuli gani?"

"Ndoa," alisema Elius, aliyekuwa anatetemeka ndani ya shati.

"Ya muda gani?"

"Hii ni ndoa ya Kikristo, kijana. Mpaka mwisho."

Mhandisi akafikiri. Alisema chanzo cha kudumu ndicho hasa ofisi inachokitaka, na kwamba bwawa halifungwi. Akaomba kikombe kingine.

 Shangazi alikwenda nyuma ya mkaratusi akakaa kwenye kigoda chake na viatu vilivyolowa, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Kristofa alisema ni moshi. Hakukuwa na moto.

Kilichofuata hatukukitegemea. Mwenye gesti ya pili alituma ujumbe kwamba naye ana chemba iliyofikia umri. Shule moja ya bweni ikauliza tutaleta togwa au soda. Watu waliokuwa wanafukia na kupanda miparachichi wakaacha mashimo yao wazi, wakifagia uwanja, wakisubiri. Na hakuna hata mmoja aliyekubali Kristofa afike na mpira tu, bila mshenga. Tulikwenda kila Jumamosi. Nyumba moja ilitukataa kwa sababu Elius alikuja amejifunika blanketi badala ya koti. Ikawa mara yake ya kwanza kukataliwa, na akaugua kwa siku kadhaa.

Alikuwa bado kitandani Remmy alipokuja mabwawani. Ilikuwa asubuhi, shangazi anaondoa majani kwenye chujio. Remmy alisimama nje ya uzio bila kabichi.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, kaka. Karibu."

"Sikai." Akakaa. "Mke wangu anauliza kwa nini kwetu hamjaja."

"Wewe si ulikuwa mshindani?"

"Nilishindwa, nikakubali. Mapipa nimeyaondoa, siku hizi natia samadi ya ng'ombe. Lakini jirani yangu mmemposa. Kaka yangu mmemposa, na choo chake ni cha majani. Watu wananiuliza kwetu kuna kasoro gani."

Shangazi aliweka reki chini.

"Shimo lako lina nini?"

"La kawaida tu. Mimi, mama watoto na watoto. Hakuna mheshimiwa."

"Liko mbali na mto?"

Remmy alikuna shingo. "Liko ukingoni. Mvua zikianza, maji ya mto yanaingia na kutoka kama yako kwao."

Mawingu yalikuwa yameshaanza kupangana upande wa Njombe. Shangazi aliyatazama, akamtazama Kristofa aliyekuwa amelala chini ya gari, miguu nje.

"Nenda nyumbani, kaka. Fagieni uwanja, mwite na mjomba. Na usimwambie mtu kwamba ulikuja mwenyewe."

"Mtakuja lini?"

"Hilo hatulisemi. Mtasikia hodi."

Remmy aliinuka. Alishika njia ya kwao akitembea haraka, na kabla hajafika kwenye kona alikuwa ameanza kuchomekea shati. Shangazi akaenda kumtikisa Kristofa mguu, akamwambia akatafute koti.